Mama Mkwe wa Jeshi Zima la Majini

Nchi yetu haina bahari, lakini ina jeshi la majini, na mimi nimeolewa nalo. Wageni wakisikia hivyo hucheka. Huuliza kama mume wangu analinda mikeke, wale samaki wetu wa ziwani, wasiibiwe. Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nawaacha, kicheko hakitozwi ushuru.

Tunaishi mtaa wa Gihosha, kilimani. Ukisimama uani kwetu unaliona ziwa, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Chini ya milima hiyo ndiko Uvira, nilikozaliwa, na ndiko alikokuwa akiishi mama yangu peke yake. Mume wangu alipenda kunieleza kazi yao mezani, kwa kutumia chakula changu. Sahani ya maharage ilikuwa ziwa, kipande cha parachichi kilikuwa boti.

"Inchi ine zinakunywa hii maji," alikuwa akisema, "na hakuna mutu anajua jirani ataamuka namna gani kesho. Sisi kazi yetu ni kuwa tayari. Kwenda, kushuka fasi haina bandari, kutoa batu, kurudi."

Kisha aliila boti.

Jirani akaamka vibaya. Milio ya bunduki ya upande ule ilitufikia hadi jikoni, na barabara ya mpakani ikafungwa. Nilimpigia mama simu nikimsihi avuke kwa maji, aje kwetu. Alikataa. Si kwamba hakuogopa. Kwetu, mama mkwe na mume wa binti yake hawagusani, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na kulala chini ya paa lake ndiyo aibu ya mwisho. "Apana, mama," aliniambia. "Mi nitapita mu ile kulwari na kitambaa ya kuoga, na mukwe yangu iko mu salon?" Kulwari ni ule ujia wetu wa kutoka bafuni, unaopita mbele ya sebule.

Mimi nina hasira za karibu. Nilipanda mtumbwi wa injini nikamfuata mwenyewe. Nilimwahidi kwamba angekaa mtaa wa Asiatique, mjini kwetu, kwa rafiki yake wa kanisani, wala asingemwona mkwewe hata kivuli. Hapo alikubali, akafunga vitenge vyake, tukaondoka na majirani zake wachache.

Katikati ya ziwa injini ikakohoa, ikanyamaza. Upepo ulitugeuza ubavu, maji yakaanza kuingia, nasi tukawa tunayachota kwa sufuria za watu. Ndipo ikatokea boti ya doria, na aliyesimama mbele, na miguu kaipanua kama mwenye ziwa lake, alikuwa mume wangu.

Nilifurahi mpaka nikapiga kelele. Mama alijifunika kitenge kichwa kizima.

Walitusogelea, wakavusha watu mmoja mmoja kwa kuwashika mikono. Nami nikavuka. Mama akabaki amekaa kule nyuma.

"Umuambie ule mutu arudishe mukono yake," aliniambia kutoka ndani ya kitenge.

Mume wangu akageuka, akatazama Kongo, akamwachia nafasi askari mwenzake. Huyo naye alinyoosha mkono. Mama alichungulia kidogo.

"Na we unamuitaga binti yangu nani?"

"Shemeji," askari alijibu kwa adabu zote.

"Basi na we ni mukwe."

Wenzake mle botini walikuwa wanne, na wote waliniita shemeji. Hivyo ndivyo jeshi zima la majini lilivyogeuka kuwa wakwe wa mama yangu, likakwama ziwani, likiwa na injini nzima na silaha zake. Abiria waliokwisha kuokoka walianza kucheka, nami nilicheka pamoja nao.

Kisha wimbi likaja. Mtumbwi uliinama, mama akaanguka kifudifudi ndani ya maji yaliyojaa mle. Niliogopa sana, nikaliita jina la Mungu. Mume wangu hakungoja ruhusa. Aliruka ndani ya ule mtumbwi, akambeba mama kama gunia la mihogo, akatukabidhi.

Njia nzima alikaa amempa mama mgongo. "Mama, unisamehe," aliyaambia maji.

"Umuambie," mama alinijibu mimi, akitetemeka, "mikono yake iko na baridi."

Tulipofika nilitaka kumpeleka Asiatique. Akasema maji yakimwagika hayazoleki, sasa ajifiche wapi tena? Akaja Gihosha. Ila mkwewe akiingia alitazama ukuta, na salamu zote zilipitia kwangu, nikawa mkalimani wa watu wanaosema lugha moja.

Haukupita muda, mume wangu akaitwa. Yeye na wenzake walikuwa wanatumwa kusini mwa ziwa, na siku ya kurudi hawakuambiwa. Alisimama mlangoni na begi, akaniaga. Mama alikuwa anachambua maharage. Nilimwona anaweka ungo chini. Alikuja moja kwa moja, uso wazi, akamshika mkwewe mikono yote miwili na kumtazama machoni.

"Mutoto yangu," alisema, na mimi hakunipitia. "Kule mu maji, mutu akikunyooshea mukono, we shika. Usifanye kama mi."

Mume wangu aliinamisha kichwa akalia. Mikono yake ilikuwa bado imeshikwa, basi begi nikalichukua mimi.