Gari Atakalopanda Simbok

Wardoyo alikuwa na macho ya manyoya. Mwekee gunia la manyoya ya bata bukini, naye atakutengea ya bawa la kushoto huku na ya bawa la kulia kule, huku anaongea na wewe habari nyingine. Miaka ishirini na sita alikuwa akitengeneza mipira ya manyoya ya badminton katika chumba cha mbele cha nyumba yake, kwenye kichochoro kimoja cha mji wa Solo. Mpira mmoja hula manyoya kumi na sita, yote ya bawa la upande mmoja. Ukichanganya, mpira unayumba hewani kama mlevi anayetafuta kwao. Wardoyo hakuwahi kuchanganya.

Magari ndiyo yaliyomchanganya yeye.

Na gari lilitakiwa lipatikane kabla Shaabani haijaisha. Mwezi huo watu hurudi vijijini kusafisha makaburi ya wazee wao, na kaburi la baba yake lilikuwa Wonogiri, juu kwenye vilima vya chokaa. Mama yake, Simbok Kasiyem, alivunjika nyonga mwaka juzi. Kupanda basi hawezi, pikipiki hawezi, na magari ya kukodi mwezi huo huisha hata hujauliza bei. Shaabani mbili zimepita, kaburi la mumewe halijaonja mkono wake. Simbok hakulalamika. Ila kila asubuhi alikitoa kikapu chake cha maua, akakipangusa vumbi, akakirudisha mahali pake, kitupu.

Rumiyati, mkewe Wardoyo, aliuza pikipiki yake. Pamoja na akiba, wakafikisha rupia milioni sabini. Kwa fedha hiyo, na nyumba ya watu sita, hununui gari. Unanunua hadithi ya gari, na kila muuzaji ana yake.

"Nusa zulia," jirani mmoja alimwambia. "Likinuka tope, ujue lilizama kwenye mafuriko."

"Usinuse," akasema mwingine. "Siku hizi wanapulizia manukato. Tazama nati za viti, kutu haijui kudanganya."

"Nati zinabadilishwa," akasema wa tatu. "Gari linalong'aa nati ndilo la kukimbia."

Wardoyo akawajibu wote watatu, "Inggih."

Neno hilo kwa Wajava ni ndiyo, lakini ni ndiyo yenye vyumba vingi. Maana yake nimekusikia. Maana yake endelea, sitaki kukukatiza. Maana yake tusiudhiane, jua kali. Na siku moja moja maana yake ni ndiyo.

Jumatatu alikwenda kwa Bu Hartini, yaani Mama Hartini, mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili. Gari lake lilikuwa la kijani, la zamani, fupi kama kuku anayeatamia, na mlango wake wa nyuma ulikuwa wa kuburuta. Mlango wenyewe ulikuwa wa kijani kingine. Wardoyo alipouona, macho yake yaliuma. Ilikuwa kama kuona unyoya wa bawa la kulia kati ya kumi na tano ya kushoto.

"Ule wa kwanza uliliwa na kutu, nikatafutiwa mwingine," Bu Hartini alisema. "Sifichi. Milioni sitini na tano. Lakini gari halina haraka, Mas," akamwita kaka kwa adabu.

"Inggih, Bu," alisema Wardoyo, akamaliza chai, akaondoka. Njia nzima alijiuliza. Gari halina haraka: anamwambia akafikiri, au anamwambia kwa adabu kwamba hamuuzii?

Alhamisi akaenda kwenye yadi ya Bonar, barabara ya kwenda Sukoharjo. Bonar alikuwa Mbatak kutoka Sumatra, na kwao ndiyo ni ndiyo, na hapana husikika hadi kwa jirani. Alimwonyesha gari jeupe, refu, linalometameta, viti saba, rangi yote moja kama yai.

"Lilikuwa la mke wa daktari," Bonar akalipiga kofi la mahaba. "Sokoni, nyumbani. Injini haijui hata njia ya mji jirani wa Jogja!"

"Inggih, Bang," Wardoyo naye akamwita kaka.

"Milioni sabini, na matairi mapya. Umelipenda?"

"Inggih."

"Unalichukua?"

"Inggih..." alisema Wardoyo, akimaanisha ngoja kwanza nikafikiri.

Bonar akamshika mkono, akautikisa hadi bega likalia. "Basi tumemaliza! Jumapili nakuletea mpaka mlangoni, unilipe hapo hapo." Na mbele ya macho ya Wardoyo akabandua karatasi ya "Linauzwa" kwenye kioo, akaikunja mara mbili.

Nyumbani, Rumiyati alikuwa akikata tempe ya soya kwa chakula cha jioni.

"Vipi, umenunua?"

"Sijui."

Kisu kikasimama. "Hujui? Mtu ananunua gari bila kujua, kama anayeshikwa na mafua?"

"Bonar anasema nimenunua."

"Na lile la Bu Hartini?"

"Lile... sijui kama nililikataa. Au kama nilikataliwa mimi."

"Inggih zako hizo!" Rumiyati akamwonyeshea kisu. "Wazee walisema, mwenye inggih nyingi akitafutwa haonekani."

Simbok, aliyekuwa akimenya vitunguu pembeni, akacheka bila kuinua kichwa. "Mwache. Baba yake naye alikuwa hivyo hivyo. Mimi mwenyewe alinioa kwa inggih ya namna hiyo. Mpaka siku ya harusi alikuwa hajajua kama amekubali."

Jumapili asubuhi gari jeupe likajaza mdomo wa kichochoro. Majirani wakatoka. Mmoja akanusa zulia, akasema safi. Mwingine akanusa pale pale, akasema manukato. Wa tatu akalala chini kutazama nati, akainuka na mgongo wenye vumbi na uso usiosema kitu. Wardoyo alisimama katikati na bahasha ya fedha mfukoni. Aliona rangi moja tu, safi, isiyo na doa.

Ndipo Simbok akatoka. Alikuwa amevaa jarik yake ya kahawia, kitambaa cha batiki kilichomkaza tangu kiunoni hadi vifundoni, ile ya kwendea makaburini. Kikapu kilikuwa mkononi.

"Simbok, leo tunalitazama tu," Rumiyati alimwambia taratibu.

"Nami nalitazama."

Akafika mlangoni. Kikanyagio kilikuwa juu, usawa wa goti lake. Akainua mguu, jarik ikakaza, mguu ukarudi chini. Akainua tena. Kitambaa kikamzuia tena, kama mkono wa mtu.

"Leteni kigoda!" Bonar akasema. "Au mama avae gauni, si siku moja tu?"

Miaka sabini na minane Simbok hakuwahi kwenda kaburini bila jarik. Akashusha mguu, akanyoosha kitambaa kwa kiganja, akatabasamu.

"Inggih," alisema. "Gari zuri."

Wardoyo alilisikia. Yeye aliyezaliwa ndani ya neno hilo, akakulia ndani yake, alijua vizuri mama yake amesimama katika chumba gani.

"Hapana, Bang," alimwambia Bonar.

Bonar akamtazama kama mtu aliyeona kuku akibweka. "Kumbe unalo neno hilo! Na Alhamisi lilikuwa wapi? Kuna mtu wa Karanganyar nimemfukuza kwa ajili yako!"

"Nisamehe, Bang. Mama hawezi kulipanda."

Bonar alifungua mdomo apige kelele. Akamwona Simbok na kikapu chake, akaufunga. Akakwangua kisogo. "Hata mama yangu asingeweza," alisema mwisho. "Tafuta la chini, lenye mlango wa kuburuta. Mimi sina."

Wakamkodia Simbok baiskeli ya magurudumu matatu. Kiti chake kiko mbele, chini kabisa. Wardoyo na Rumiyati wakafuata kwa pikipiki iliyobaki, hadi mtaa wa pili. Bu Hartini alikuwa akimwagilia maua.

"Bu, lile gari... bado lipo?"

"Nilikwambia halina haraka."

"Nilidhani unanikatalia."

"Nami nilidhani inggih yako ndiyo inanikatalia. Jana alikuja mtu, nikamwambia lina mwenyewe. Kisha nikakaa najiuliza kama kweli linaye."

Rumiyati akauburuta ule mlango wa kijani kisicho chake. Simbok akaketi kwanza ukingoni mwa kiti, akazungusha miguu yote miwili pamoja, na jarik yake haikusogea hata kidole. Wardoyo akainama akanusa zulia. Lilinuka mafuta ya mkaratusi. Hakujua kama hiyo ni dalili njema au mbaya, na hapakuwa na jirani wa kumuuliza.

"Basi unalichukua, Mas?" Bu Hartini akauliza.

"Inggih."

Wanawake wawili wakamkodolea macho.

"Inggih ipi?" mkewe akauliza.

"Ile ya ndiyo," alisema Wardoyo, akaitoa bahasha.

Ndani ya gari, Simbok alikuwa amekwisha kupakata kikapu chake, na anauliza mbona dereva haingii.