Mama Bado

Daktari wa kupandikiza mimba tulimpachika jina Mama Bado, na mwenyewe alilijua. Kila nilipokwenda kupimwa alinawa mikono taratibu kama mtu aliyealikwa chakula, akavuta kiti, akaigeuzia skrini upande wake, akaguna. "Bado, mwanangu. Kitanda hakijatandikwa, mgeni tutamlaza wapi?" Basi kiinitete chetu kikaendelea kungoja kwenye baridi ya maabara, nami nikaendelea kumeza vidonge vya kuuandaa mji wa mimba. Mara ya tatu mama mkwe aliingia nami, akamwambia watu wamechoka kusubiri. Daktari hakupandisha sauti. "Hata mimi nimechoka, mama. Ila sipandi mbegu juu ya jiwe." Mwezi uliofuata aliguna, akatazama tena, akasema, "Wiki hii tunampokea."

Nilirudi kwake na mimba changa, mama mkwe akiwa nami. Akanawa, akavuta kiti, na safari hii skrini akaigeuzia kwangu. Kitu kidogo kama punje kilikuwa kinadunda, hakina habari na mtu. Mama mkwe akamshika daktari mkono, akauliza kama sasa ndiyo tayari.

"Bado," akasema daktari, akicheka mpaka miwani ikamtoka. "Bado miezi saba."