Tarumbeta Ndefu za Dada

Shemeji yangu alishindwa mbio zilizokuwa mkononi mwake, akashuka garini akicheka.

Aliyelia ni dada.

Watu wakadhani ni uchungu wa kushindwa. Mimi nilikuwa ubavuni mwake. Uso ule ulikuwa wa mwizi aliyebambwa.

Iko hivi.

Dada ni fundi injini, mumewe dereva. Wana gari la mashindano, kuukuu kuliko wao wenyewe. Injini yake haina chujio la hewa. Juu ya kila kabureta, pale hewa inapochanganyika na petroli, kuna mdomo wa bati uliopanuka kama tarumbeta. Hapo ndipo inapovutia pumzi.

Ukiifungia injini tarumbeta fupi, gari linaruka kwenye kasi kubwa. Ukifunga ndefu, linaondoka kwa nguvu, lakini ukilikamua sana linahema kama mzee kwenye ngazi.

Mwaka huu shemeji alianza kukwaruza kuta za uwanja. Kila shindano kovu jipya, upande uleule wa kulia. Dada akamsihi aache. Akajibiwa kwamba limebaki shindano moja tu, la kuagia. Wakanuniana wiki nzima.

Asubuhi ya mbio nikamkuta dada ameinamia injini, amezing'oa tarumbeta fupi, anafunga zile ndefu. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, bila kuinua kichwa, heri mume aliyeshindwa kuliko mume aliyezikwa.



Gari lilichomoka kama risasi, likaongoza. Lilipofika kwenye mstari ulionyooka, likaishiwa pumzi. Akapitwa na mmoja. Akapitwa na wa pili. Dada alikuwa anang'ata kitambaa cha grisi na wala hajui.

Mashabiki walipotawanyika, alimvuta mumewe nyuma ya lori, akamwaga yote. Kwamba amebadilisha. Kwamba amemwibia ushindi wake wa mwisho. Kwamba amsamehe.

Shemeji akamtazama kwa utulivu.

"Nilijua, mke wangu. Mlio niliusikia tangu nilipowasha."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilidhani umegundua. Jicho langu la kulia halioni tena. Nikajisemea, mwenzangu kanipunguzia kasi kwa heshima, hataki kunitia aibu."

Dada akakaa chini, pale pale vumbini.

Hakuwa amegundua lolote. Makovu yale yote aliyanyoosha kwa mikono yake, na hata siku moja hakujiuliza kwa nini ni upande mmoja.

Shemeji aliacha kuendesha. Naye ana lake linalomkera: aliwaingiza madereva wenzake hatarini kwa jicho moja na kiburi. Dada ndiyo kabisa. Tarumbeta ameshajisamehe. Jicho bado. Mnakula sahani moja, mnalala kitanda kimoja, halafu mtu anapofuka pembeni yako nawe umenuna.

Ndugu zangu, mnaye mnayemwogopea kimoyomoyo? Muulizeni. Huruma ya kificho na usaliti, ukiviangalia kwa nyuma, huwezi kuvitofautisha.