Niliigiza Daktari wa Dawa za Baiskeli, Sasa Naiogopa Chupa ya Mjukuu Wangu

Wenye ukurasa, naomba mnifichie jina. Nina miaka sabini na minne. Nimezaliwa ng'ambo, upande wa Bukavu, lakini vita vilinivusha mto Rusizi zamani sana, nikabaki hapa Kamembe nikijiambia kila mwaka kwamba mwaka ujao nitarudi kwetu. Nilikuwa mwalimu. Naishi na mjukuu wangu wa kike, nitamwita Furaha ingawa si jina lake. Ana miaka kumi na tisa, na anaendesha baiskeli za mashindano. Wiki ijayo anakwenda kwenye majaribio ya timu, na huko watampima mkojo na damu. Hofu yangu yote iko hapo, ila lazima nianzie kwenye filamu.

Alikuja kwangu mtengeneza filamu mmoja wa Bukavu, mtu wa mizaha. Filamu yake ilijifanya uchunguzi wa kweli: mbeba ndizi wa Gashonga, mikungu imefungwa nyuma ya baiskeli, anawapita mlimani waendeshaji wa kulipwa, kisha mwandishi wa habari mwenye uso wa msiba anakuja kuuliza ametumia dawa gani. Hakuna anayecheka ndani ya filamu, ndiyo maana inachekesha. Alitaka mzee wa kuigiza Daktari anayewapa watu hizo dawa. Mimi niliwahi kusoma magazeti ya zamani ya michezo kule misheni ya Mibirizi, na milima ya mashindano ya Ulaya naijua kwa majina. Nilifurahi kuombwa, sitaficha.

Siku ya kupiga picha nilipewa chupa nimpe mbeba ndizi. Nikaonja kwanza, kisha nikampa. Mtengeneza filamu akapiga kelele:

"Simama! Papa, juu ya nini unakunywa?"

"Siwezi kumupa muntu kinywaji bila kuonja. Wewe mutoto ya Bukavu, haujue?"

"Ninajua, Papa. Lakini Daktari ya bongo hawezi kunywa dawa yake mwenyewe. Njo kichekesho yenyewe!"

Bongo, kwa Kiswahili cha kwetu, ni uongo. Na kwetu, kama huku pia, anayetoa kinywaji hukionja mbele ya mgeni ili mgeni ajue hakuna sumu. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Siku hiyo, tuliporudia, sikuonja. Nilitoa chupa kwa uso mkavu nikasema, "Kunywa. Mlima utalala wenyewe." Picha iliyofuata, mbeba ndizi analipita lori kiazi kikiwa mdomoni, mikono yote miwili juu.

Basi filamu ilipotoka, mtu akakata kipande chake. Lori halimo, kiazi hakimo. Nimebaki mimi, chupa, na maneno yale. Kikazunguka kwenye simu za watu mjini kote.

Mwanzoni nilicheka. Wabeba ndizi walinipigia kelele barabarani, "Mzee, na sisi utupatie kidogo ya mulima!" Kisha jirani yangu Maman Zawadi, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, alikuja kunisalimu kama kawaida. Nikamimina bushera, kile kinywaji chetu cha mtama kisicholevya, nikaonja, nikampa. Kikombe kilikaa mbele yake mpaka kikaingiwa na nzi.

"Maman, haunywe?"

"Nimeshiba, Papa." Halafu, bila kuniangalia: "Tulikuona. Ulimupa mwenzako bila kuonja."

Siku iliyofuata kocha wa Furaha akapiga simu. "Mzee, najua ni mchezo tu. Lakini na wapimaji wameiona. Huyu binti unampa nini pale mlimani?"

"Bushera," nikajibu haraka.

Ni kweli, ila si kweli yote. Msimu wa mvua uliopita Furaha alirudi mazoezini miguu ikitetemeka, midomo imepauka. Mwanamke mmoja wa Bweyeye, anayeuza dawa za msituni, alinipa unga wa mzizi. "Inaongeza damu," alisema, na jina la mzizi hakulitaja. Tangu hapo nautia kwenye chupa. Sikumwambia Furaha, kwa sababu waendeshaji wamefundishwa kukataa kila kitu wasichokijua. Kila siku ya mazoezi namsubiri kwenye kona ya juu, naonja mbele yake, nampa.

Na hiki ndicho kinachonitia baridi. Zamani, nikipanda kutoka ziwani hadi Kamembe, nilikuwa nakaa chini njiani kupumzika. Baada ya simu ya kocha nilipanda na kifuko cha viazi, mawazo yamenijaa, nikashtukia niko mlangoni. Sikupumzika popote. Magoti hayakulia. Nikakumbuka kuwa imekuwa hivyo tangu nianze kuonja ile chupa. Furaha naye amekuwa mwepesi mlimani kuliko wenzake, na anamshukuru Mungu.

Labda ni mtama tu, na uzee umenionea huruma. Nimefungua vitabu vyangu vyote, hakuna kilichonisaidia. Yule mwanamke amerudi Bweyeye na hajaonekana sokoni tena.

Jumamosi nilimpelekea Furaha bushera tupu, bila ule unga. Nikaonja, akanywa, akaiangalia chupa. Huniita Koko, yaani babu.

"Koko, leo iko na ladha ingine. Umetosha nini ndani?"

Hakuuliza nimeweka nini. Aliuliza nimetoa nini.

"Ni mtama mupya," nikasema.

"Daktari ya bongo!" Akacheka, akapanda. Nilimwangalia hadi juu. Alikwenda polepole.

Nikimwambia, namjua, atakwenda mwenyewe kwa kocha na nafasi yake itakwisha siku hiyo hiyo. Nikinyamaza na mkojo ukasema, ataitwa mwizi kwa kitu asichokijua, na nani ataamini kuwa hakujua, wakati mji mzima umemwona babu yake na chupa mkononi?

Ninapoandika yuko nje, anapaka mnyororo mafuta huku anaimba. Ananiamini kwa sababu kila mara ameniona nikionja kwanza. Ninyi wenye watoto na wajukuu, msinicheke, nisaidieni: nitoke sasa hivi nimwambie, au nimwache aende akapimwe?