Kamelia Iliyofukizwa Udi

Wifi yangu anaishi Uingereza, na kila akija Maskati huniletea kitu cha kunitia majaribuni. Safari moja alinipa mche wa kamelia, jamaa ya mti wa chai, wa ile aina inayostahamili baridi kali. "Huu hata theluji haiuui," alisema mbele ya mama yake. "Tuone kama wewe utauweza."

Mama mkwe akacheka. Yeye ni wa Unguja, mimi kwetu Tabora, na tangu niolewe katika nyumba hii ya Bawshar, hapa hapa Maskati, amekuwa akiwaambia wageni, kwa upole kabisa, kwamba watu wa bara hatujui maua. Nikaapa moyoni kwamba mti ule utatoa ua na wifi ataliona kwa macho yake akirudi, hata kama itabidi nyumba nzima igande.

Theluji hatuna. Tuna Juni. Joto lilipoanza niliuingiza mti majlisi, tunapopokea wageni, nikateremsha kipimo cha kiyoyozi hadi chini kabisa. Mama mkwe akipita, anakizima. Mimi nikipita, nakiwasha. Tulikuwa tukipishana mlangoni tukitabasamu, kila mtu na adabu zake. Maji ya bomba mti uliyakataa, majani yakaanza kuwa manjano, basi nikawa naukingia yale yanayodondoka kwenye kiyoyozi. Makapi ya chai nayo nikayafukia kwenye udongo wake.

"Mke wa mwanangu," aliniambia siku moja, kajitanda shali mbili, "mti huu wanywa chai kuliko mie. Na baridi hii, nna mifupa mie, si samaki wa kutiwa kwenye friza."

"Pole, Mama," nilimjibu, nikamletea shali ya tatu.

Hali ya hewa ilipopoa niliutoa nje, kivulini nyuma ya jiko. Ukatoa vitumba vitatu. Viwili vikaanguka bila hata kuniaga. Kilichobaki nikawa nakiamkia kabla ya kumwamkia mume wangu, na wiki aliyorudi wifi kikafunguka, ua la rangi ya waridi lililopangika vizuri kama sambusa kwenye sinia. Nikaalika majirani kwa kahawa na halua, nikauweka mti katikati ya majlisi, nikaenda jikoni kuchukua birika.

Niliporudi nilimkuta mama mkwe kauinamia.

"Halinukii," alininong'oneza, na hofu aliyokuwa nayo usoni ilikuwa ya kweli. "Wageni wako njiani, nasi twawaonyesha ua lisilonukia?"

Kwake yeye, ua ni harufu. Rangi ni nyongeza tu. Kabla sijamweleza kwamba kamelia ndivyo ilivyoumbwa, alikwishalifunika kanga na kusogeza chetezo cha udi chini yake, vile vile anavyofukiza nguo za harusi. Nilitaka kulia. Miezi yote ile ya kulipeperushia baridi, halafu lipikwe dakika ya mwisho.

Alipofunua, kingo zilikuwa zimeungua kidogo, lakini lilikuwa bado limesimama. Wageni wakaingia, wakainama mmoja mmoja. "Mashallah, lanukia," wakasema, na mama mkwe akawa anaitikia kwa kichwa.

Wifi aliinama wa mwisho. Anazo kamelia mlangoni kwake, anajua hazina harufu. Alivuta pumzi, akanitazama, akamtazama mama yake. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha kunifanya kichekesho cha mtaa.

"Kwangu hayanukii hivi," alisema taratibu. "Mmelifanya nini?"

Mama mkwe alijiweka sawa juu ya mto. "Kwako hakuna wa kuyalea," alimjibu. "Mke wa ndugu yako ana mkono wa maua. Watu wa bara ndivyo walivyo."

Nikainamia vikombe vya kahawa nikawa navipanga upya, maana cheko na machozi vilinijia pamoja, na sikutaka mama mkwe anione.