Wageni wa Mwalimu Kalista Wanataka Jembe Siku ya Kwanza

Saa mbili asubuhi, umande bado haujakauka, Mwalimu Kalista anawapanga watoto wa darasa la tano kuzunguka tuta moja la mviringo, nje kidogo ya Sumbawanga. Kila mtoto ana jembe. Mengine mipini imewazidi kimo.

"Asiyeona asogee karibu," anawaambia.

Anafundisha sayansi katika shule ya msingi Majengo, mjini. Wengi wa wanafunzi wake ni watoto wa wafanyabiashara. Mahindi wanayajua yakiwa kwenye gunia. Kwa hiyo kila Novemba huwaleta kwa miguu kwa Mzee Beda, anayelima kama Wafipa walivyolima tangu zamani. Mvua zikielekea kuisha hufukia majani ndani ya matuta. Mvua mpya zikikaribia huyafumua, akasambaza udongo na kupanda ulezi.

Leo Kalista roho iko juu. Mwalimu Mkuu Adriano amekuja mwenyewe, na ameshasema watoto wakirudi na shibe tu kama mwaka jana, ziara hizi basi.

Mwaka jana Mzee Beda, mkarimu kupita kiasi, aliona aibu wageni wakute kazi haijaisha. Siku moja kabla, yeye na mkewe Bertilla walifumua matuta yote, wakasawazisha shamba, wakachinja kuku. Watoto walikula, wakashukuru, wakaondoka bila kuona kitu.

"Mbele yake nilitabasamu, njiani nikalia," anasema Kalista. "Mtu amekuchinjia kuku, utamlaumu vipi?"

Mwaka huu aliwahi kwenda kwake, akamwamkia, kisha akamtania. "Baba, wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tupe siku ya kwanza."

Mzee alicheka, akakubali, lakini ilimtesa. Bertilla anasimulia kwamba kila jioni mumewe alikwenda kuyatazama yale matuta kwa unyonge, kama mtu aliyelaza vyombo bila kuviosha.

Majembe yanashuka. Udongo mweusi unafunguka, nyungunyungu wanajizika upya. Mwanafunzi mmoja, Winifrida, aliyekuwa akiogopea viatu vyake, amepiga magoti.

"Babu, majani yenyewe yako wapi?"

"Ndiyo hayo umeyashika, mjukuu wangu."

Mtoto anautazama udongo kiganjani. Bertilla anaita kwamba chakula kinapoa. Anaita tena, hakuna anayegeuka. Mwalimu Mkuu anamsogelea Kalista na kumwambia kuna kosa: watoto wanaonyeshwa mwisho bila mwanzo. Mwakani waje Machi wafukie majani kwa mikono yao, ndipo Novemba wafukue.

Kalista anafuta macho kwa pindo la kitenge. Anasema hajawahi kukosolewa akafurahi namna hii.

"Nataka wafukie, halafu wakae na hamu miezi yote hiyo," anasema. "Mtoto akishakuwa na tuta lake, mimi kazi yangu imekwisha. Hata nikihamishwa, mvua zikikaribia watakuja wenyewe."