Kitabu cha Uchumi cha Binti Yangu

Nilikosea, na ninakiri mapema ili mtu asije akasema nimeficha. Kitabu cha kwanza cha uchumi nilichowanunulia binti zangu nilikichagua kwa sababu kilikuwa na mihuri.

Ilikuwa mwaka 2015, hapa Buffalo, mwaka wa pili tangu niwatoe shule na kuanza kuwasomesha nyumbani. Mkubwa alikuwa na miaka kumi na sita, mdogo kumi na minne. Tulipofika Marekani walimweka mkubwa madarasa mawili nyuma kwa sababu hakujua Kiingereza. Alipokijua na kuanza kuwashinda wenzake, hakuna aliyemrudisha alipostahili. Nililalamika mpaka nikachoka, mwisho nikasema basi, nitafundisha mwenyewe. Kanisani walinisema sana. Mama mmoja Mkongomani aliniuliza, "Donc, umewatoa watoto shuleni ili wafanye nini, wapike?" Nikamwambia aje amuulize mkubwa hesabu yoyote anayoitaka.

Sasa, sheria ya huku inataka mtoto wa sekondari asome uchumi hata akisomea nyumbani, na kitabu chake kiandikwe katika mpango wa mwaka unaopelekwa ofisi ya elimu. Maktaba moja ilikuwa inauza vitabu vyake vya zamani, nikaenda. Vilikuwepo vya karibuni, visafi, vyembamba. Sikuvigusa. Mtu aliyekulia kwenye kambi ya wakimbizi anajua kwamba karatasi isiyo na muhuri si karatasi. Kadi ya posho ilikuwa na muhuri, ruhusa ya kutoka kambini ilikuwa na muhuri, hata cheti changu cha ubatizo kina muhuri. Kitabu hiki kilikuwa na mitatu, mmoja mwekundu, na unene wake ulikuwa wa tofali. Nikarudi nyumbani natembea kama mke wa waziri.

Mkubwa alikifungua, akaniangalia. "Mama, huu mwekundu unasema kitabu kimeondolewa, hakifai tena."

"Kama hakifai, mbona wanakiuza?" nikamjibu, na nikakiandika kwenye mpango. Kichwa kigumu ni changu, sikuazima.

Barua ya ofisi haikuchelewa. Kitabu ni cha chuo kikuu, tena kimepitwa na wakati. Nina siku kumi na tano kurekebisha mpango, la sivyo watoto warudi shule. Mkubwa aliisoma amesimama, akaiweka mezani, akaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa visafi. Alijua kurudi maana yake ni kukaa tena na wenzake aliowazidi umri, na kumaliza akiwa mtu mzima. Niliona aibu mbele ya mtoto wangu, na aibu ya namna hiyo inauma kuliko nyingine zote.

Jumamosi nilibadilishana shifti na mwenzangu wa ghala ninakofanya kazi, kule Lackawanna, nikawachukua wote wawili hadi maktaba ya Kenmore. Tukapanga vitabu vitano mezani. Nikawaambia leo sichagui peke yangu. Kila kitabu tutakiuliza swali moja, na kikishindwa kinarudi rafuni. Swali lenyewe ni hili: kambini, siku ya mgao wa chakula, kopo la mahindi lilikuwa rahisi mno. Wiki ya mwisho kabla ya mgao mwingine, kopo lile lile halishikiki. Kwa nini?

Cha kwanza kilijaa magari, mahindi hakiyajui. Cha pili mdogo alikisinzilia, sitanii. Cha tatu kilikuwa kizuri mpaka mkubwa alipofika kwenye picha ya wakimbizi wamepanga foleni na ndoo zao. Chini yake waliandika kwamba watu hawa hawana soko, wanasubiri msaada tu.

Akakifunga. Akasema kwa Kiingereza, maana wakikasirika Kiswahili huwapotea, "Hatukuwa tunasubiri. Wewe ulikuwa unauza."

Alikuwa na miaka minane tu tulipoondoka kambini kule Kigoma. Kumbe aliukumbuka mkeka wangu na kopo langu la kupimia. Alikumbuka kwamba nilinunua mahindi siku ya mgao, wakati kila mtu anauza ili apate chumvi na sabuni, nikayahifadhi chini ya kitanda, nikayatoa watu walipoishiwa. Alikumbuka pia kwamba wajane niliwauzia kwa bei ile ile niliyonunulia. Hilo la wajane sijawahi kumsimulia mtu.

Cha nne kilikuwa chembamba, jalada la kijani, na ndani yake mistari miwili inakatana: mmoja wa wanaouza, mmoja wa wanaotaka kununua. Mkubwa akaichora kwenye daftari, akaisogeza kwanza kwa siku ya mgao, kisha kwa wiki ya mwisho. Mdogo alielewa kabla yangu. Nami nilipoelewa nilicheka mpaka mkutubi akageuka. Yaani miaka yote ile nilikuwa nafanya jambo lenye kitabu chake. Nilijisikia fahari, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ya chini.

Tulijaza mpango upya pale pale mezani, kwa kitabu hicho cha kijani. Palikuwa na nafasi ya jina la atakayefundisha uchumi, na anachokijua. Nilitaka kumwandika mhasibu wa kanisa, ana diploma. Mkubwa akaivuta karatasi bila kuniuliza. Akaandika jina langu lote, na mbele yake, kwa mwandiko wa kusomeka: mfanyabiashara wa nafaka, kambini, miaka tisa.

"Watakataa hiyo," nikamwambia.

"Waache wakatae kwa maandishi."

Baada ya wiki moja barua ilikuja. Wamekubali kitabu, wamemkubali na mwalimu. Mkubwa aliisoma kwa sauti. Jina langu walikuwa wameliandika mara moja, yeye akalisoma mara mbili. Kisha akaleta daftari lake, akaketi mbele yangu, akangoja nianze.